Kuuguza hadi mwisho: kifo kinavyokuja, na namna ya kuwa karibu nacho

Wengi wetu hatutakufa ghafla. Tutakufa taratibu, kwa saratani, kwa moyo au figo zilizochoka, kwa kiharusi cha pili au cha tatu, au kwa uzee tu. Kando ya kitanda atakuwepo mtu ambaye hakusomea kazi hiyo: mke, kitinda mimba, binamu, au jirani aliyejikuta ndiye pekee anayejua kila dawa imewekwa wapi. Huyo anajua kupangusa, kugeuza na kukesha. Asichokijua ni kile kinachokuja, maana hakuna aliyemkalisha chini akamweleza.

Siku hizi yanazungumzwa mengi juu ya kufa kwa uzingativu, yaani kuukaribia mwisho macho yakiwa wazi na akili ikiwa pale pale mwili ulipo, bila kuukimbia wala kujifanya haupo. Wazo hilo si geni. Wabudha wana tafakuri ya kifo tangu kale, Waislamu wamehimizwa kuyakumbuka mauti mara kwa mara, na Wakristo wengi hupakwa majivu kila mwaka wakikumbushwa kwamba wao ni mavumbi. Kilicho kipya ni kwamba limeingia wodini. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwasaidia wenye maumivu sugu kwa kuzingatia pumzi na mwili, na kutoka hapo mbinu hizo zikasambaa hadi kwenye vyumba vya wanaokaribia kufa.

Zikifika huko hupotoshwa kirahisi. Mgonjwa anaanza kujiona ana deni la kufa vizuri: awe mpole, ashukuru, asimlilie mtu. Anayemuuguza naye, akipandwa na hasira saa tisa usiku, anaona amefeli. Mimi sikubaliani na mzigo huo. Mtu anaweza kuogopa sana na bado akawa yupo kabisa pamoja na mgonjwa wake, na mwingine anaweza kuwa ametulia tuli kwa sababu tu amejifungia mbali. Tena mara nyingi kinachomzuia mtu kuwepo hakihusiani na tafakuri. Ni maumivu yasiyotibiwa, au kutojua mwili unafanya nini, au neno ambalo halijasemwa, au usiku wa nne mfululizo bila usingizi. Hayo yakishughulikiwa, uzingativu huja wenyewe kwa sehemu kubwa.

Dawa kwanza

Anayeumwa sana hana nafasi ya kuzingatia kitu kingine. Cicely Saunders alilifahamu hilo mapema. Alianza kama muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na mwaka 1967 alifungua St Christopher's jijini London, hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, inayohesabiwa kuwa chanzo cha tiba shufaa ya kisasa, ile inayolenga kumpunguzia mgonjwa mateso. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: mwili, hisia, mahusiano yake na watu, na roho. Wanaouguza hulijua hili bila kulisoma popote. Yupo mgonjwa ambaye dozi hupandishwa na bado anagugumia, mpaka siku mtu amuulize ana nini moyoni, naye aseme anaogopa watoto watagombea nyumba. Siku hiyo dawa ni ile ile, lakini usiku analala.

Nisieleweke kwamba mazungumzo yanatosha. Saratani iliyoingia kwenye mifupa inataka dawa kali, na mara nyingi dawa hiyo ni mofini. Hofu mbili huwanyima wagonjwa dawa hii: kwamba itawafanya waraibu, na kwamba itawaua haraka. Ikianza kwa kiasi kidogo na kupandishwa kufuata maumivu, chini ya uangalizi, haifupishi maisha, na uraibu kwa mgonjwa wa aina hii ni nadra. Mofini ya maji hutolewa kwa kufuata saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Yakisharudi kwa nguvu ni kazi kuyashusha. Usingizi mzito na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile mofini inapoanza. Jambo hili dogo husahaulika mno, na mgonjwa huishia kuteswa na tumbo kuliko na uvimbe wenyewe.

Kukosa pumzi nako kunatibika kuliko watu wanavyodhani. Mwinue mgonjwa aketi akiegemea mito, fungua dirisha, elekeza feni usoni pake. Upepo unaopita shavuni hupunguza hisia ya kukabwa. Mofini ya kiwango cha chini, daktari akiiandika, husaidia pia.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Sababu mojawapo ni sheria zinazomwachia daktari peke yake ruhusa ya kuandika mofini. Uganda ilifungua mlango huo mwaka 2004, iliporuhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu nao waiandike. Sababu nyingine ni dhana kwamba kupelekwa tiba shufaa ni kuambiwa mambo yamekwisha. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Boston juu ya watu wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopata tiba shufaa tangu mwanzo, sambamba na matibabu ya kawaida, walikuwa na maisha yenye nafuu zaidi na sononi pungufu. Tena waliishi zaidi, kwa kipimo cha kati miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa waliopewa matibabu makali mwishoni walikuwa wachache kwao kuliko kwa wenzao. Ukisoma hilo unajiuliza kwa nini bado watu hupelekwa huko zikiwa zimebaki siku tatu.

Mwili unavyofunga kazi zake

Sehemu hii ndiyo ninayotamani kila anayeuguza aambiwe mapema, kwa sababu dalili ambayo mtu hakuitarajia humfanya akimbie huku na huko, akamwacha mgonjwa peke yake katikati ya chumba kilichojaa watu.

Kwanza huondoka hamu ya kula. Hapa ndipo vita vingi vya kifamilia huanzia. "Kula basi kidogo tu, mama, kwa ajili yangu." Mama anafungua mdomo kwa ajili ya mwanawe, anapaliwa, anakohoa dakika kumi. Ukweli ni kwamba mwili unaoelekea mwisho hauwezi tena kukitumia chakula. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Kumlazimisha huweza kupeleka chakula kwenye mapafu. Dripu nayo katika siku za mwisho mara nyingi haimwongezei raha, na maji hayo yanaweza kuishia kwenye mapafu na miguu iliyovimba. Mpe anachoomba, kiasi anachoomba, kisha acha.

Mikono iliyozoea kulisha inaweza kupewa kazi nyingine: mdomo. Anayepumua mdomo wazi hukauka ulimi hadi ukapasuka. Chukua sponji ndogo ya mdomo au kitambaa laini kisafi, kichovye kwenye maji, kikamue mpaka kisidondoshe, kisha kipitishe taratibu kwenye midomo, ndani ya mashavu, juu ya ulimi. Usizame sana nyuma kwenye koo. Malizia kwa kupaka midomo mafuta kidogo. Rudia kila saa moja au mbili. Akikinyonya, mwache anyonye. Kazi hii ndogo inampa nafuu ya kweli, na ni zoezi zuri la uzingativu kushinda kufumba macho ukihesabu pumzi, maana huwezi kuifanya huku mawazo yako yako kwenye simu.

Usingizi huongezeka, siku na usiku vinachanganyika. Wengine huchanganyikiwa, wanavuta shuka, wanataka kuondoka kitandani. Kabla ya kusema ni roho inahangaika, angalia vitu vya kawaida: je, kibofu kimejaa? Ana siku ngapi bila choo? Kuna dawa mpya? Ana homa? Kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kumfanya mtu apigane na kila anayemgusa, na mpira wa mkojo ukamrudisha akawa yule mnayemjua.

Kisha kuna wageni ambao nyinyi hamuwaoni. Wagonjwa wengi karibu na mwisho huota, au huona wakiwa macho, wazazi na ndugu waliotangulia. Timu ya daktari Christopher Kerr, katika hospisi ya Buffalo huko Marekani, imekusanya simulizi hizi kwa miaka, na imeona kwamba ni za kawaida sana, na zile zinazowahusu marehemu kwa kawaida huwafariji wenyewe. Zinatofautiana na kuchanganyikiwa kwa ugonjwa: mgonjwa anasimulia akiwa na akili zake, na anakumbuka. Hakuna haja ya kumbishia kwamba bibi alikufa zamani. Muulize bibi alisema nini.

Wapo pia wanaoamka ghafla siku moja wakiwa wazima, wanaomba kuketi, wanataja majina, wanacheka. Familia inapiga simu kila mahali kwamba amepata nafuu. Huenda ikawa nafuu kweli. Lakini kwa aliyekuwa mahututi, mara nyingi ni saa chache au siku moja tu. Msiitumie siku hiyo kubishana na daktari juu ya kurudi wodini. Kaeni naye.

Saa za mwisho zina alama zake. Mikono na miguu hupoa, magoti na nyayo hupata madoa ya rangi ya zambarau au kijivu, mkojo hupungua na rangi yake hukolea. Pumzi huja nzito na za haraka, zinapungua, kisha zinakatika kabisa kwa sekunde 10, 20, hata zaidi, na kila aliyepo chumbani naye anazuia pumzi yake. Halafu mgonjwa anavuta tena. Madaktari wawili wa Dublin, John Cheyne na William Stokes, waliueleza mpangilio huo katika karne ya 19, na hadi leo unaitwa kwa majina yao. Kunaweza kuwa na mkoromo wa majimaji kooni ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa. Mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo. Mara nyingi sauti inapungua. Kwa kadiri wataalamu wanavyoweza kuona, sauti ile humtesa zaidi anayeisikiliza kuliko anayeitoa.

Endeleeni kusema naye. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitikii tena katika saa zao za mwisho, wakakuta ubongo wa baadhi yao bado unapokea sauti karibu sawa na wa watu wazima wa afya. Kama walielewa maneno, kipimo kile hakiwezi kusema. Inatosha kuwafanya watu wasijadili gharama za mazishi juu ya kichwa chake.

Na wapo wanaosubiri wabaki peke yao. Mtoto amekesha siku tano, ametoka kuoga, karudi kakuta baba ameshakata roho. Wauguzi wa hospisi wanayajua haya, hutokea mara nyingi mno. Kuoga hakukumuua mtu, wala hakukumnyima kitu.

Kifo kilichotarajiwa si dharura. Kikishatokea, hakuna linaloharibika kwa dakika 15 za kukaa tu. Taratibu za kuita watu zitakuwepo baadaye.

Yasiyosemwa

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na nyumba nyingi huishi na methali hiyo kwa miezi. Mgonjwa anajua, familia inajua, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza. Mazungumzo huwa hivi:

"Mwanangu, hivi mimi nitapona kweli?"

"Baba, usiseme hivyo. Utapona tu, Mungu yupo."

Baba ananyamaza. Hakuwa anataka takwimu. Alikuwa anapima kama mlango uko wazi, akakuta umefungwa kwa upendo. Huhitaji kumtajia siku zilizobaki ili uufungue. Inatosha kumrudishia swali: "Baba, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Kisha nyamaza kweli, hata kimya kikikaa kirefu. Kwa kawaida atasema. Huenda akasema haogopi kufa, anaogopa maumivu. Huenda akataka kujua nani atasimamia mambo ya mama. Huenda akasema, "Tuache hayo, nisomee gazeti." Hilo nalo ni jibu, na uzingativu haumlazimishi mtu kutazama asichotaka kutazama leo.

Mazungumzo haya yana faida ya vitendo pia. Mambo gani ni muhimu kwake kuliko kuongezewa siku? Kitu gani hatakubali kufanyiwa, mashine ya kupumua au kupasuliwa tena? Angependa afie wapi? Nani asemee akishindwa kusema? Majibu yakiandikwa mapema na daktari akayajua, ndugu hawatalazimika kuamua kwa kupigiana kelele kwenye korido. Madaktari wenyewe wana swali la kujiuliza ambalo linafaa hata nyumbani: je, mgonjwa huyu akifa ndani ya miezi 12 ijayo, nitashangaa? Kama jibu ni hapana, wakati wa kuzungumza umeshafika.

Sehemu hii imevurugwa na nadharia moja maarufu. Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross alieleza hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali. Alizitoa kwa kuwasikiliza wagonjwa, na alifanya jema kubwa kuwafanya madaktari wakae chini na kusikia. Lakini watu wamezigeuza ratiba. Mtu anaweza kukubali asubuhi, mchana akapanga safari ya mwakani, jioni akawa na hasira na kila mtu. Hajarudi nyuma. Na wengine hufa bila kukubali kabisa, wakiwa wametunzwa vizuri mno.

Anayeuguza naye ni mwili

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wazee waliokuwa wakiwahudumia wenzi wao. Wale walioona kazi hiyo inawaelemea walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka minne iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wazee wasio na kazi hiyo. Kwa hiyo usingizi wa anayeuguza uhesabiwe kama sehemu ya matibabu, upangwe kwa zamu kama dawa inavyopangiwa saa. Nawaona watu wakimsifu anayekesha wiki nzima. Ningependa wamsifu aliyekubali kwenda kulala.

Mbinu za uzingativu zinazomfaa mtu aliyechoka ni fupi. Kabla ya kuingia chumbani, simama mlangoni, sikia nyayo zako zilivyokanyaga sakafu, toa pumzi moja ndefu, ndipo uingie. Ukiwa unamgeuza, geuza tu, usianze kuwaza zamu ijayo. Na kuna tahadhari ambayo walimu wengi hawaisemi: kwa mtu mwenye hofu kali au aliyewahi kuumizwa vibaya, na hasa kwa mgonjwa anayekosa pumzi, kuambiwa azingatie pumzi kunaweza kuzidisha hofu. Mpe kitu kingine cha kushika: uzito wa mkono wako juu ya wake, sauti za nje, ubaridi wa shuka.

Yatakuja mawazo ambayo mtu huona haya kuyasema: natamani haya yaishe. Karibu kila anayeuguza muda mrefu huyapata. Huwezi kumtakia mtu mateso yaishe bila kuugusa mwisho wake, na hilo halifanyi upendo kuwa mdogo. Unaweza pia kukuta unaomboleza wakati mgonjwa bado anaongea. Daktari wa magonjwa ya akili Erich Lindemann aliyaandika hayo mwaka 1944, aliposema kwamba huzuni inaweza kumtangulia marehemu.

Wanaotaka kusaidia nao wana namna. Mwanasaikolojia Susan Silk, pamoja na Barry Goldman, walipendekeza mwaka 2013 uchore miduara: mgonjwa katikati, anayemuuguza anayefuata, kisha ndugu, marafiki, majirani. Faraja iende ndani, malalamiko yaende nje. Shangazi akitaka kulia kwamba hawezi kumwona kaka yake hivi, alie kwa mtu aliye mbali zaidi kuliko yeye, asimlilie mke wa mgonjwa. Na yule anayesema "ukihitaji chochote niambie" amemwongezea mwenzake kazi ya kufikiri. Aliyesema "dada, Jumatano usiku nalala mimi hapa, wewe nenda kalale" amesaidia.

Msiba ukishapita, mwili wa aliyeuguza hauambiwi mara moja. Ataamka saa za dozi kwa majuma kadhaa. Atapata ahueni na hatia kwa pamoja. Mofini iliyobaki irudishwe hospitalini au kwenye duka la dawa, isikae kabatini. Watu hujaa wiki ya kwanza na kupungua mwezi wa pili, ambapo ndipo nyumba inakuwa kimya, kwa hiyo kama ni rafiki, andika tarehe ya mwezi wa pili mapema. Huzuni haina tarehe ya kwisha, lakini Shirika la Afya Duniani sasa linatambua ile iliyokwama: zaidi ya miezi 6 mtu bado anamtamani marehemu kila siku kwa maumivu makali, hawezi kazi, hawezi kushughulika na watu, kwa kiwango kinachozidi desturi za kwao. Huyo anahitaji mtaalamu wa ushauri, na mara nyingi atahitaji mtu wa kumsindikiza siku ya kwanza.